Sauti ya Ufipa haina mizani

Mkulima wa Ufipa anapovuna anajua gunia lake litakwenda wapi. Tangu miaka ya 1980 Rukwa imehesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma katika mikoa minne mikuu ya mahindi nchini, na hata leo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una kanda yake Sumbawanga. Kuna mizani na kuna bei, na bei ikiwa mbaya kuna mahali pa kulalamika. Kijana wa uwanda huohuo aliyejaliwa sauti na kipaji cha kuigiza hana hata kimoja kati ya hivyo. Huimba kanisani, hucheza ngoma viongozi wanapopokewa, huigiza katika mashindano ya shule, halafu akifika umri wa kutafuta riziki huambiwa arudi shambani au apande basi kwenda Dar es Salaam akabahatishe.

Tunaliandika hili kwa maofisa wa serikali, ambao ndio waalikaji wakubwa wa vikundi hivyo, na kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba, ambao suala hili wanalijua vizuri kuliko wanavyodhaniwa.

Serikali ya Tanganyika iliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962. Baadaye vikaja vikundi vya taifa vya ngoma, vya sarakasi, na mwaka 1974 kikundi cha maigizo. Waliomo walikuwa watumishi wenye mshahara. Vikundi hivyo vilivunjwa, na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Wakati huohuo majeshi na mashirika ya umma yalikuwa na bendi na vikundi vyao, na mwimbaji alilipwa kama karani alivyolipwa. Utaratibu ule ulikuwa na dosari zake, mojawapo ikiwa kwamba msanii aliimba alichoagizwa. Lakini ulikuwa mlango, na mtu wa mikoani aliweza kuupita.

Mfano ulio wazi ni wa marehemu Kapteni John Komba. Alitoka Ruvuma, mkoa wa pembezoni kama wetu, akiwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye kipaji cha kwaya. Jeshi ndilo lililomfanya msanii wa kazi. Mwaka 1992 akaongoza Tanzania One Theatre, kikundi cha Chama, ambacho pamoja na Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga kilijaza kumbi kwa maonyesho ya usiku mmoja yenye ngoma, kwaya, taarab, sarakasi na vichekesho. Huo ndio mchezo wa kuigiza wenye muziki kama Watanzania walivyoutaka wenyewe, nao walilipa kiingilio kuuona.

Hapa ndipo visiwa vinapoingia. Khadija Kopa alitoka Culture Musical Club ya Unguja akajiunga na TOT katika miaka ya 1990, akawa mmoja wa nguzo zake. Nyuma yake kuna Siti binti Saad, mtoto wa shamba, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Visiwani hakuna anayecheka akisikia kwamba mtu ataishi kwa sauti yake. Ufipa bado wapo wanaocheka.

Wanacheka bila sababu, kwani sanaa ya uigizaji si ngeni huku. Mtaalamu Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1978 kitabu kizima kuhusu sanaa ya masimulizi ya Wafipa. Msimulizi anayegeuza sauti akawa sungura, kisha mfalme, kisha mke wa mfalme, amekwisha kuanza kazi ya mwigizaji.

Hata hivyo, tuseme kweli: kuanza si kumaliza. Kwaya humfundisha mtu pumzi, mapigo na nidhamu ya kufika mazoezini. Haimfundishi kusimama peke yake na kunyamaza, wala kusikiliza maneno ya mwenzake kana kwamba anayasikia mara ya kwanza. Mwimbaji wa kwaya akikosea, ishirini humfunika. Mwigizaji hana wa kumfunika. Sisi tuliopita chuoni tukiwa watoto tunakumbuka mwalimu alivyoturudisha kwenye herufi moja hadi ulimi ukanyooka. Uigizaji nao unahitaji mwalimu wa namna hiyo, na kwa kijana wa Sumbawanga taasisi ya serikali yenye walimu hao iko pwani, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwao. Barabara ya lami kutoka Tunduma imefupisha siku za safari, ila haikupunguza ada wala gharama ya chumba.

Tena, baada ya mwaka 2000 filamu za video ziliwatoa watazamaji kumbini. Steven Kanumba wa Shinyanga alijulikana kupitia Kaole na televisheni kabla ya filamu kumpa jina hadi alipofariki mwaka 2012. Vijana wetu huutazama mfano wake na kuona umaarufu tu. Watazame pia wa Amri Athumani, King Majuto, mkongwe wa jukwaa aliyehamia kwenye filamu. Mwaka 2018 alipokuwa mgonjwa, serikali ilibidi iunde kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Ikiwa mtu aliyejulikana nchi nzima alifikia hapo, mchezaji wa Namanyere au Laela atafikia wapi?

Kwa hiyo tunaanza na mkataba, maana wenye kuanza ni maofisa wenyewe. Katika sherehe za umma tumeona mwenye maturubai akiandikiwa hati ya malipo, mpishi vivyo hivyo, na kikundi cha sanaa kikigawiwa soda. Sheria ya Hakimiliki ipo tangu 1999, na Baraza la Sanaa la Taifa tangu 1984. Halmashauri inayomtaka msanii ajisajili ili atambuliwe kuwa mfanyakazi haiwezi siku ya pili kumwita kama mtu wa kujitolea. Kikundi kiitwe kwa barua yenye kiasi cha fedha, na fedha hizo zitoke katika kifungu kilekile kinacholipa maturubai.

La pili ni la Bagamoyo. Badala ya kuwangoja vijana wote waende pwani, walimu wawili watatu wa TaSUBa wangeweza kuja Sumbawanga baada ya mavuno, wakati mashamba yamepumzika, wakafundisha kwa wiki sita. Kumbi za shule zipo, na wanafunzi wamekwisha kujichuja wenyewe katika kwaya na vikundi vyao. Utamaduni si jambo la Muungano, lakini hakuna sheria inayomzuia mwalimu wa muziki kutoka Unguja kualikwa katika mafunzo hayo. Maofisa utamaduni wa wilaya za Rukwa wanayo majina ya vikundi. Bajeti za halmashauri huandaliwa kabla ya Julai.