KITUO KIDOGO NACHO NI CHA WANANCHI

Ndugu wanachama,

Wako wakubwa wanaosema treni ya mjini ni hasara. Wanaketi katika motokaa zao, vioo wamefunga, wanatuhesabia senti. Leo tuwajibu.

Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Mjerumani hakuijenga ili mchukuzi wa Buguruni awahi kazini. Aliijenga ichukue mali ya bara na kuipeleka melini. Mwingereza akairithi, akaiendesha kwa dharau: Mwafrika daraja la tatu. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli waligoma siku 82 kudai haki yao. Uhuru ukaja mwaka 1961. Tangu siku hiyo, reli haifai kupimwa kwa tani za mizigo peke yake.

Oktoba 2012 Serikali ilianzisha treni ya abiria baina ya Stesheni na Ubungo, nauli shilingi 400. Watu wakajaa. Hawakuitwa kwa ngoma. Waliitwa na shida.

Agosti 2024 treni ya umeme ilizinduliwa hadi Dodoma. Twaifurahia, maana ni jasho letu. Lakini je, mwenye kibarua naye ana treni?

Juzi nilisimama katika kituo kimoja kidogo cha pembezoni, saa kumi na moja alfajiri. Alikuwapo mama na ndoo yake ya samaki, fundi na msumeno wake, na watoto wa shule. Taa hakuna. Benchi hakuna. Wala hakuna wa kutuambia treni imefika wapi. Tulingoja hata kukapambazuka. Yule fundi akaona atafukuzwa kazi, akakimbilia bodaboda. Nauli aliyolipa ni chakula cha wanawe cha siku ile.

Sasa nawauliza wanaotuhesabia senti: hasara ya fundi yule imeandikwa katika daftari gani?

Hatuombi marumaru. Twataka taa, paa, benchi, choo, na ubao wa saa usiosema uongo. Treni ikichelewa, abiria waambiwe mapema.

Na sisi tujikosoe. Anayedandia bila tiketi, anayevunja taa, anayerushia treni mawe, huyo anawapa wapinzani wetu hoja ya bure. Kata tiketi, ndugu, kisha dai haki yako kwa sauti.

Kila tawi lililo kando ya reli liitishe mkutano mwezi huu. Andikeni upungufu wa kituo chenu, mmoja mmoja. Mpelekeeni diwani na mbunge, nao waseme mbele ya watu ni siku gani watajibu. Siku hiyo ikifika, rudini.

Uhuru na Kazi!