HELA YA MCHANA IKO WAPI? TAARIFA YA TAWI KUHUSU MATUMIZI YA RAMADHANI

Ndugu wanachama,

Kwa ndugu zetu Wakristo, ambao nao wanaingia kwenye Kwaresma, tunawatakia mfungo mwema. Hili linawahusu pia, maana genge tunalonunulia ni lilelile.

Tangu juzi kuna sauti inazunguka kwenye makundi ya mtaa. Mwenye sauti hakujitaja. Anasema akina mama wa Temeke hawajui bajeti: eti Ramadhani watu wanakula mara mbili badala ya tatu, lakini matumizi yanapanda, basi tatizo ni mpishi. Wapo wanachama wetu walioisambaza na kuweka vicheko juu yake. Tawi haliwezi kunyamaza. Yeye ndiye aliyetaja hesabu, basi tumjibu kwa hesabu.

Mwezi wa kawaida, mchana nyumba nyingi hapa kwetu hazina watu. Baba anakula wali maharage kwa mama lishe kule kazini. Kijana wa bodaboda anakula chipsi kijiweni. Watoto wana hela ya shule. Hela zote hizo hazipiti kwenye sufuria ya nyumbani wala hakuna anayeziita matumizi ya nyumbani. Ramadhani ikiingia, watu walewale wanarudi magharibi na njaa ya siku nzima, na wote wanaitazama sufuria moja. Mlo umehamia nyumbani, hela yake imebaki mfukoni. Aliyekuwa anaacha 10,000 mezani mwezi wa Shaabani anaacha 10,000 ileile, na akirudi anataka aone uji, tende, mihogo ya nazi, maharage, samaki, na kaimati juu yake. Kisha usiku kuna daku.

Sisi tuliosomea uhasibu tulifundishwa jambo hili mapema sana: ukihamisha gharama kutoka idara moja kwenda nyingine, unahamisha na fungu lake. Baba aliyekuwa anakula mlo wa 3,000 kazini, kwa siku 26 za kazi ametumia 78,000. Mwezi wa mfungo hazitumii. Ziko wapi? Tunauliza kwa heshima, na tunawauliza kwanza wajumbe wa kamati yetu wenyewe, ambao wengi ni wanaume.

Ndiyo, zipo nyumba zinazopika vyakula saba na asubuhi vitatu vinamwagwa. Tunazijua, na baadhi ni za waheshimiwa. Lakini nyumba nyingi za tawi hili hazina cha kumwaga.

Halafu kuna suala la robo, ambalo mwenye sauti halijui kwa sababu hatumwi dukani. Mama anapewa hela ya leo kwa ajili ya leo. Bajeti ya mwezi mzima ataipangaje kwa hela ya siku moja? Ananunua robo. Tuseme kilo ya sukari ni 3,000 na robo ni 800. Nyumba ya watu sita, kwa uji, chai na juisi, inamaliza nusu kilo kwa siku, yaani kilo 15 kwa siku 30. Kwa kilo ni 45,000, kwa robo ni 48,000. Hiyo ni sukari peke yake. Weka na mafuta ya kupimiwa, mkaa wa kopo, unga wa ngano wa robo, na lile daftari la dukani ambalo ukishaandikwa humo huwezi tena kubishana bei. Mwenye hela kidogo ndiye anayelipa bei kubwa kuliko wote mtaani, halafu ndiye anayeambiwa ajifunze kupanga!

Wanaotakiwa kufundishwa kupanga wapo juu zaidi. Mwezi huu haumshtukizi mtu. Kila mwaka unatangulia kwa siku 10 au 11, na kalenda inauzwa Kariakoo. Mwaka 2024 mvua kubwa zilizuia viwanda kuvuna miwa, na mapema mwaka ule Bodi ya Sukari ikatangaza bei ya rejareja kati ya 2,700 na 3,200 kulingana na mkoa. Ramadhani ikaingia Machi, na sisi tukanunua kwa bei iliyozidi hiyo, kwa sababu bei ya kwenye karatasi haileti sukari dukani. Bunge lilipokuja kugombana kuhusu vibali vya kuagiza sukari ilikuwa Juni, Idi imeshaliwa zamani. Hakuna mheshimiwa aliyetumiwa sauti ya kuambiwa hajui bajeti.

Sasa tuje kwetu. Tawi lilikusanya 480,000 kwa ajili ya futari ya pamoja na viongozi wa wilaya: turubai, viti, spika, biriani na mpiga picha. Kamati ya Utendaji ilikaa Jumapili na kuifuta shughuli hiyo. Uamuzi haukuwa wa kauli moja, na hatufichi. Wenzetu waliopinga walisema futari inaleta wanachama wapya na kwamba wakubwa watatuona hatuna heshima. Tunawajibu hivi: anayekuja kwa sababu ya biriani ataondoka na sahani ikiisha, na mkubwa anayehitaji biriani ya hela za wauza mboga ili atuheshimu, heshima yake itatugharimu zaidi mwakani.

Hela hiyo itanunua sukari, mchele na unga wa ngano kwa bei ya jumla kabla mwezi haujaandama. Mwanachama atachukua kwa bei ya kununulia na usafiri tu, na atalipa kidogokidogo kila wiki. Zikirudi, tunanunua tena. Mafungu ya kwanza ni ya wajane, na ya mama lishe wetu, ambao mwezi huu wateja wa mchana wanawakimbia huku matumizi ya nyumbani yakiwapanda. Kila Ijumaa Mhazini ataweka humu picha za risiti na salio. Asiyeridhika aje na kalamu.

Mzunguko wa mwisho utakuwa wa mchele peke yake. Wengi tunasahau kwamba zakatul-fitri inadaiwa kwa kila kichwa, karibu kilo 2.5. Nyumba ya watu sita ni kilo 15, na zinadaiwa wiki ileile watoto wanapodai nguo za sikukuu.

Kuhusu makapu ya futari tuliyoahidiwa na mgeni wetu mmoja: tawi litayapokea kwa shukrani, lakini hakuna bibi wa tawi hili atakayesimamishwa kupigwa picha ameshika kilo mbili za mchele. Asiyekubali sharti hilo abaki na kapu lake.

Majina yaandikwe kwa viongozi wa mashina kabla ya Alhamisi saa 12 jioni. Andika idadi ya watu nyumbani na kiasi unachoweza kulipa kwa wiki. Akina baba waje kuandikisha wenyewe, na waje na hela ya mchana.

Imetolewa na:
Katibu wa Tawi
kwa niaba ya Kamati ya Utendaji