Mtoto anayetumwa dukani afundishwe kusoma lebo

Njombe si mkoa wa njaa. Mahindi, maharage na viazi mviringo hupakiwa Makambako kwenda Dar es Salaam, na dagaa wa Ziwa Nyasa huvuliwa Manda. Hata hivyo, Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban nusu ya watoto wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Sababu ni nyingi, na ukurasa huu si wa madaktari. Sisi tunashughulika na kinachouzwa na kinachonunuliwa.

Na mnunuzi wa rejareja, msomaji, mara nyingi ni mtoto. Ndiye anayetumwa dukani, na ndiye anayemkorogea mdogo wake uji mama akiwa shambani. Mpe pakiti mbili za unga wa lishe, zote zikiwa na picha ya mtoto mnene anayecheka. Moja imeandikwa nyuma: mahindi, soya, karanga. Nyingine: mahindi, mchele, ngano, sukari, karanga. Kanuni ni kwamba viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Mwanafunzi wa darasa la nne anayeijua kanuni hiyo atatambua mara moja kwamba karanga za pakiti ya pili ni za kunukisha tu.

Hesabu ya gramu ni ngumu kidogo, lakini ina faida zaidi. Tuseme kiwanda kimoja kimeandika protini gramu 12 kwa kila gramu 100, na kingine gramu 4 kwa mlo wa gramu 25. Asiyejua kugeuza atachukua ya 12. Anayejua atazidisha 4 kwa 4, apate 16. Kisha agawe bei kwa gramu hizo, aone shilingi yake imenunua nini. Kwa hesabu hiyo hiyo dagaa wakavu, wanaouzwa kwa kopo bila lebo yoyote, watazipita pakiti nyingi za rangi, kwa kuwa zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini.

Msindikaji anayeweka soya ya kutosha hulazimika kupandisha bei, na mbele ya mnunuzi anayetazama picha tu hana utetezi. Anashindwa na aliyeongeza sukari.

Wenye viwanda vidogo watasema vipimo vya maabara ni gharama. Ni kweli. Lakini kupanga viambato kwa ukweli hakuhitaji maabara, kunahitaji mizani. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulipotoka TFDA kwenda TBS, ushauri wa lebo unapatikana huko huko kwenye alama ya ubora.

Shuleni vipimo vya uzito tayari vinafundishwa. Kinachokosekana ni pakiti tupu za kufanyia zoezi, na hizo zinatupwa kila jioni nyuma ya maduka ya Makambako na Njombe mjini. Wenye maduka wazikusanye, wampelekee mwalimu wa hisabati wa shule iliyo jirani.