Huyu Alikuwa Mkulima
"Marehemu alikuwa mpole, mvumilivu, akiwapenda wajukuu zake." Ndivyo mabibi zetu wanavyosifiwa matangani, kazi yao haitajwi. Kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza Unguja mwaka 1989, walioingia baharini wengi walikuwa wanawake, na wengi wao leo ni mabibi. Bamvua likifika na maji yakipwa, huinama kwa saa kadhaa, kanga kiunoni, wakifunga mbegu kwenye kamba, vidole vimechubuka kwa chumvi. Wakirudi wanaanika, wanapika, wanaogesha watoto. Sare na madaftari yametoka humo, japo bei ya kilo ni ya kuhuzunisha. Tukiwazika tuwaombee dua, kisha tuseme wazi: huyu alikuwa mkulima, na nyumba hii kaijenga yeye.