Mjamzito anayetokwa damu puani aangaliwe kwanza



Leo tuzungumzie jambo ambalo mimi mwenyewe niliwahi kulikosea. Mama mmoja mwenye ujauzito wa miezi sita alikuja kliniki akilalamika kutokwa na damu puani mara kwa mara. Nilimpima presha, nikaiona nzuri, nikamwambia, "Mama, hiyo ni kawaida ya mimba, itaacha." Sikumuangalia ndani ya pua. Nyumbani wakasema ni jini. Akasomewa, akanywa kombe, damu ikaendelea. Aliporudi baada ya wiki tano viganja vilikuwa vimepauka, anahema akitembea kidogo tu, na kipimo cha damu kimeshuka hadi 7, wakati tunataka mjamzito awe na 11 au zaidi. Ndipo nilipochukua tochi. Kwenye ukuta unaotenganisha matundu ya pua, upande wa kulia, kulikuwa na kijinyama chekundu, laini, kama punje ya komamanga.

Kijinyama hicho si saratani wala si jini. Ni vishipa vidogo sana vya damu vilivyoota kwa wingi mahali pamoja. Wakati wa ujauzito vichocheo vya mwili huongezeka na kuvikuza vishipa hivyo, na pengine chanzo ni kidonda kidogo cha kuchokonoa pua. Vinyama vya aina hii hujulikana zaidi kwenye fizi za wajawazito, lakini huota puani pia, hasa kuanzia miezi ya kati ya mimba. Ngozi yake ni nyembamba, hivyo hata kupenga kamasi hutosha kukitoa damu.

Ni kweli wajawazito wengi hutokwa na damu kidogo puani na isiwe tatizo. Hoja yangu ni kwamba neno "kawaida" lisemwe baada ya kuangalia, si kabla. Damu ikitoka upande uleule kila mara, pua ikiziba upande huo, au kikionekana kinyama, mama apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo. Tochi tunazo. Sisi watabibu hatuna udhuru.

Nanyi akina baba, msiseme "asubiri mpaka ajifungue" kabla hajapimwa. Vingi vya vinyama hivi hunywea baada ya kujifungua, na kidogo kisichovuja sana huweza kusubiriwa chini ya uangalizi. Lakini mama anayepoteza damu kila siku atafika kwenye uchungu hana akiba, na pale atapoteza nyingine. Hapo ndipo tunapozika. Kinachovuja sana hukatwa na shina lake likachomwa kuzuia damu, mara nyingi kwa ganzi ya mahali pale tu, hata kabla ya kujifungua. Kipande hupelekwa maabara ili kuhakikisha. Shina likibaki, huweza kuota tena.

Damu ikianza kutoka nyumbani, mama akae, ainamishe kichwa mbele, si nyuma. Abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia, ahemee mdomoni, ateme damu badala ya kuimeza. Isipokoma, awahishwe hospitali. Asinywe aspirini kwa kujiamulia.

Wengine huuliza kuhusu udhu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, damu ya puani haitengui udhu, na kupandisha maji puani ni sunna. Basi mwenye kinyama kinachovuja asivute maji kwa nguvu, na akihofia kutoka damu aache. Udhu wake ni sahihi. Damu iliyomwagika aioshe, kisha aswali.

Kisomo sikipingi, nimekulia madrasa. Lakini Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tujitibu, na dua haizuiliwi na tochi. Yule mama aliondolewa kinyama, akapewa vidonge vya kuongeza damu, akajifungua salama. Hiyo ni rehema ya Mwenyezi Mungu, si umahiri wangu, kwani mimi nilikwishamrudisha nyumbani.

Wabillahi tawfiq.