Saa, Wakati na Zamu: Istilahi za Kulandanisha Mashine Pepe kwa Kielelezo cha Ikola

Miongoni mwa maeneo ya taaluma ya kompyuta ambayo istilahi zake za Kiswahili bado hazijatulia ni lile la kulandanisha mashine pepe na programu inayozipangia kazi. Mashine pepe ni programu inayotenda kana kwamba ni kompyuta kamili, ilhali inaishi ndani ya kompyuta nyingine iliyo halisi. Kompyuta moja huweza kubeba mashine kadhaa za aina hiyo. Na kwa kuwa haziwezi zote kukitumia kichakataji kwa mara moja, sharti pawepo programu ya kuzigawia zamu. Makala haya yanadai kwamba ugumu wa kulieleza suala hili kwa Kiswahili hautokani na uhaba wa maneno, bali na mazoea ya kutumia maneno saa, wakati na muda kana kwamba ni neno moja.

Mashine pepe inapoondolewa zamuni, shughuli zake zote husimama, na saa yake ya ndani huweza kusimama pamoja nazo. Irudishwapo, haina habari kwamba ilisimamishwa. Huendelea kuhesabu kutoka pale ilipoachia. Huweza kusahihishwa kwa kurushwa mbele kwa mkupuo mmoja, au kwa kuharakishwa kidogo kidogo hadi iwafikie wenziwe. Katika uigaji tatizo huwa kubwa zaidi, kwani mashine iliyotangulia huweza kupokea ujumbe wenye saa ambayo yenyewe imekwisha kuipita. Wapo wataalamu wanaozuia hali hiyo kwa kuiwekea kila mashine mpaka usiovukwa. Wengine humfuata David Jefferson ambaye, katika makala yake ya mwaka 1985, alipendekeza mashine iachwe isonge mbele, kisha irudi nyuma na kutengua ilichokitenda pindi ujumbe uliochelewa utakapofika. Kabla yake, mwaka 1978, Leslie Lamport alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba mara nyingi linalohitajika si kujua ni saa ngapi hasa, bali ni kukubaliana tukio lipi lilitangulia lipi.

Ni dhahiri, basi, kwamba kinacholandanishwa si wakati. Wakati hupita wenyewe; kinacholandanishwa ni saa, yaani hesabu ambayo kila mmoja anaiweka juu ya wakati huo. Tofauti hii si ngeni kwa wasemaji wa Kiswahili, na hapana mahali inapojidhihirisha vizuri kama Ikola, katika Mkoa wa Katavi, mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika.

Ikola ipo takriban nyuzi 30 mashariki, ilhali saa ya Tanzania imejengwa juu ya nyuzi 45. Kwa hiyo jua la Ikola hufika utosini karibu saa nzima baada ya saa 6 mchana. Ng'ambo ya ziwa, Kalemie nchini Kongo, saa iko nyuma ya ile ya Tanzania kwa saa moja kamili. Na saa hiyo ndiyo inayokaribiana zaidi na jua la Ikola. Hata hivyo, mkazi wa Ikola hafuati saa ya Kalemie. Hufuata ile ya Dar es Salaam. Meli ya MV Liemba, iliyorejeshwa kazini kwa jina hilo mwaka 1927, ilisafiri kwa miongo mingi kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, ikivuka mpaka wa saa katika ziwa hilo hilo. Nahodha wake hakuhitaji kujua saa ipi ni ya kweli. Alihitaji kujua saa ipi imeafikiwa katika bandari ipi.

Kielelezo hiki kinabatilisha hoja inayotolewa mara kwa mara dhidi ya hesabu ya Kiswahili ya saa. Hudaiwa kwamba hesabu hiyo ni ya jua tu, na kwa hiyo haifai kuingizwa katika programu za kompyuta. Lau ingekuwa ya jua, saa 12 asubuhi ya Ikola ingekuwa ndiyo macheo. Kumbe saa hiyo ikifika, jua halijachomoza. Hesabu ya Kiswahili ni maafikiano kamili yenye kanuni isiyobadilika: hupishana na ile ya kimataifa kwa saa 6, kila siku na kila mahali nchini. Kompyuta haihitaji zaidi ya hapo.

Ugumu wa kweli uko kwenye siku, si kwenye saa. Kwa mapokeo, siku ya Waswahili huanza magharibi. Kompyuta huianza usiku wa manane. Programu ikipunguza saa 6 na kuliacha jina la siku kama lilivyo, chombo kinachoondoka Jumatatu saa 2 za kimataifa kabla ya alfajiri kitatangazwa kuwa cha "Jumatatu saa 8 usiku". Abiria wengi watauelewa kuwa ni usiku unaofuata mchana wa Jumatatu, nao watafika ufukweni siku nzima baada ya chombo kuondoka. Lugha imekwisha kuutatua utata huo kwa fungu la maneno usiku wa kuamkia, na halina budi kuingizwa katika programu pamoja na tarakimu.

Kwa msingi huo yafaa istilahi zitenganishwe. Saa iwe hesabu ya mashine. Muda uwe urefu ulio baina ya matukio mawili. Wakati ubaki kuwa kile kinachohesabiwa. Wakati wa kubuni uitwe wakati wa uigaji, wala si wa uigizaji, neno ambalo ni la jukwaani. Programu inayogawa kichakataji iitwe mpangazamu: ratiba huandikwa kabla ya kazi kuanza, bali zamu hutolewa kazi ikiendelea. Aidha, umbo kipangazamu liepukwe, maana msomaji ataanza kwa kumwona kipanga angani.

BAKITA na idara za Kiswahili vyuoni zina wajibu wa kuliamua jambo hili mapema. Lisipoamuliwa na wenye lugha, litaamuliwa na watunga programu wa ng'ambo, na msafiri wa Ikola ndiye atakayelipa gharama ya tafsiri yao.