Wanawake Wenzangu, Kikundi si Sare



Majuzi mama mmoja wa kikundi chetu alikuja kibandani kwangu hapa Musoma akiwa amefungia kitu kwenye khanga. Ni mama wa makamo, anauza dagaa Mwigobero. Nilimwamkia, nikamvutia kigoda. Alipofungua khanga nikaliona gauni la lesi ya bluu nililomshonea mwenyewe wiki tatu kabla, kwa ajili ya harusi ya binti wa mwenzetu. Limevaliwa mara moja tu.

"Fundi, mwanangu," akaniambia kwa sauti ya chini, "niuzie hili. Hata ukipata nusu ya bei, nipe. Mtaji umekata."

Bei yake naijua, kwa sababu niliipanga mimi. Kitambaa na mshono, shilingi 45,000. Fedha hiyo ilitoka kwenye biashara yake ya dagaa, na hakumwambia mtu. Aliona heri alale na njaa kuliko kuonekana ukumbini amevaa tofauti na wenzake.

Najua baadhi yenu mtashangaa fundi cherehani kuandika haya. Mimi nakula kwa sare. Kwa harusi ile moja nilishona magauni 38. Pigeni hesabu: ni shilingi 1,710,000 kwa jioni moja. Sehemu ya fedha hiyo imelipa kodi ya kibanda na ada ya mtoto wangu. Mezani pangu zimo fedha za yule mama pia, kwa hiyo siandiki kwa kujiona bora kuliko mtu yeyote.

Kilichonichoma ni hiki. Mwezi uleule mwenzetu alijifungua kwa upasuaji. Tulipofungua mfuko wa kikundi ili tumsaidie, tulikuta shilingi 62,000. Watu walewale 38, waliotoa 45,000 kila mmoja kwa ajili ya gauni la siku moja, hatukuwa na laki moja ya kumpelekea mzazi.

Kikundi chetu hakikuanza hivyo. Bibi mmoja kati ya waanzilishi hutusimulia kila mwaka kabla ya Ramadhani. Anasema palifariki mwanamke Muislamu aliyekuwa mgeni mjini, hana ndugu, na ikawa taabu kupata wanawake wanaojua kumuosha na kumkafini. Sanda yenyewe ilinunuliwa kwa kukopa. Baada ya maziko mama saba walikaa kwenye mkeka wakakubaliana kwamba jambo hilo lisitokee tena. Walinunua jora la kitambaa cheupe, sufuria mbili kubwa na mikeka. Sharti la kwanza la kikundi lilikuwa sanduku la sanda lisikae tupu.

Kutokana na sanduku lile vikaja vitu vingine: sahani, viti, turubai. Walikwenda misibani mpaka Bunda, na wakapanda gari la mizigo kwenda kumtoa mwari Buswahili, kule Butiama, wakiwa na sufuria zao. Bibi huyo anasema sare yao ilikuwa khanga ambayo kila mtu alikuwa nayo tayari nyumbani. Hakuna aliyeshonewa kitu.

Tumefikaje hapa? Nadhani tumefika taratibu, kwa kupenda kupendeza, na kupendeza si dhambi. Kwanza ilikuwa mtandio wa rangi moja, kisha dera, kisha gauni la lesi. Simu zikaja na picha zake, na harusi ya leo lazima ishinde ya mwezi uliopita. Sasa bi harusi anachagua rangi kabla hajachagua somo wa kumfunda.

Hili si jipya kwa wanawake wa Kiswahili. Kisiwani Mombasa, bibi zetu walikuwa na vyama vya lelemama. Ilikuwa ngoma ya wanawake, lakini chama kilikuwa zaidi ya ngoma. Kilikuwa na viongozi na vyeo, na wanachama walisaidiana kwenye harusi na misiba. Vyama hivyo vilishindana pia. Ibinaal Watan na Banu Saada walitazamana kama timu mbili za mpira: huyu akipika karamu kubwa, yule hupika kubwa zaidi, hawa wakitoka na nguo mpya, wale hutafuta mpya kuliko hizo. Mashindano hayo yaligharimu fedha nyingi za watu wasiokuwa nazo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 wanawake wa Kiislamu wa Mombasa walianza vyama vya namna nyingine. Mwaka 1957 ilianzishwa Muslim Women's Institute, na baada yake Muslim Women Cultural Association. Wengine kati yao walitokea kwenye ulimwengu uleule wa lelemama. Walijua tayari kuitana, kuchangishana na kusimamiana. Walichobadilisha ni kazi ya kuifanya kwa pamoja, wakashughulikia mafunzo ya wanawake na elimu ya watoto wao.

Huku Tanganyika tunaye Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Kabla ya siasa alijulikana kwa sauti yake katika kikundi cha ngoma cha Bomba. Mwaka 1955 TANU ya Mwalimu Nyerere, mtoto wa hapa kwetu Butiama, ilihitaji wanawake. Bibi Titi hakuanza kugonga mlango mmoja mmoja. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, nao wakawaita watu wao. Inaelezwa kuwa katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 walijiunga. Mwaka 1962 ulipoundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti.

Fikirini hilo, dada zangu. Vikundi ambavyo watu waliviona ni vya kucheza na kuvaa ndivyo vilivyobeba wanawake kwenye harakati za uhuru. Nguvu ilikuwemo siku zote, ikitumika kushindania nguo mpaka ilipopewa kazi kubwa kuliko hiyo.

Katika dini yetu tunaye mama wa waumini Zaynab bint Jahsh, Mwenyezi Mungu amuwie radhi. Alikuwa fundi. Alitengeneza ngozi na kushona kwa mikono yake, na alichopata alikitoa sadaka. Mimi niliyejifunza ushonaji baada ya sekondari, nikimkumbuka yeye huwa naitazama cherehani yangu kwa aibu kidogo. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipomhimiza Abdurrahman bin Auf afanye walima, alimwambia afanye hata kwa kondoo mmoja. Na Surat Al-Israa, aya ya 26 na 27, inamtaja mbadhirifu kwa maneno mazito. Kila mmoja akasome mwenyewe.

Najua nitakachojibiwa. "Harusi ni mara moja." "Sare inaleta upendo." "Fundi, utakula nini?"

Harusi ni siku ya furaha, na furaha ni sunna. Sare pia ina uzuri wake. Mkivaa rangi moja mnajiona ndugu. Lakini upendo unaomfanya mama auze gauni lake kwa siri una kasoro. Mwingine haji kabisa. Anasema anaumwa, kumbe hana nguo. Kisha tunamsema kwamba hana ushirikiano.

Kuhusu mimi nitakula nini, jibu ni kwamba nitapungukiwa. Sitawadanganya. Lakini riziki anaitoa Allah.

Nilipeleka hoja kwenye kikao. Haikupita kirahisi. Dada mmoja alisema nawaonea wivu wanaoolewa, mwingine akatoka nje. Yule bibi muanzilishi hakusema mengi, aliomba tu sanduku la sanda lifunguliwe. Sanda ya mwanamke ni nguo tano. Ndani kulikuwa na kitambaa kisichotosha hata mtu mmoja. Baada ya hapo hakuna aliyebishana tena.

Tulikubaliana mambo manne, nanyi mkiona yanafaa yachukueni.

Kwanza, sanduku kabla ya sare. Hakuna mchango wa nguo mpaka sanda ziwepo na mfuko wa wagonjwa na wazazi ufikie kiwango tulichokiandika kwenye daftari.

Pili, sare ni mtandio. Juu ya hapo mtu avae alichonacho. Kikundi kikishona magauni, basi yavaliwe harusi zote za mwaka huo na Idi zote mbili.

Tatu, kila harusi itoe fungu. Bi harusi akipambwa na kikundi, familia yake inalipia kitambaa cha mashungi ya watoto wa madrasa, na mimi nayashona bila malipo.

Nne, tujihadhari na riba. Wenzetu wengi wamekopa kwenye vikoba vya riba ili walipie sare. Mwenye shida ya mtaji ni bora tumsaidie kuandika maombi ya mkopo wa halmashauri, maana sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne kati ya hizo zikiwa za vikundi vya wanawake, na mkopo huo hauna riba.

Harusi ya kwanza baada ya makubaliano ilifanyika kwa mitandio ya kijani. Picha hazikuwa kama zile za lesi ya bluu. Lakini mama wa dagaa alikuja, na wawili waliokuwa wamepotea kwa miezi walikuja pia. Walipika, wakaimba, wakamtoa mwari mpaka mlangoni kwa mumewe.

Ninyi mabiharusi mnaosoma hapa, mna nguvu kuliko mnavyodhani. Mama zenu na shangazi zenu wanaogopa kuwavunja moyo. Neno likitoka kwenu, litasikilizwa. Andikeni kwenye kadi, "njoo na nguo yako nzuri." Ujumbe huo hauna gharama, na huwezi kujua ni nani atalala usingizi baada ya kuusoma.

Gauni la bluu sikuliuza. Nililipa bei yake, nikalifumua, nikapata vitambaa vya kutosha kumshonea binti wa mteja nguo ya Idi. Yule mama amerudi Mwigobero na dagaa zake.

Mwenyezi Mungu azitie baraka ndoa zenu, aviweke vikundi vyetu viwe vya kusaidiana katika wema na uchamungu, na asitufanye sababu ya ndugu zetu kujificha. Amin.